Mfuko wa Rotary na Chemchemi ya Kijiji

Msomaji, ukisafiri kwa barabara kuu itokayo Kitale kwenda Webuye, ukaipita Kiminini, muda si mrefu utafika Kamukuywa, soko lililojengwa kando ya barabara na kuitwa kwa jina la mto wake. Hapo Trans Nzoia imekwisha kuwa nyuma yako, na Bungoma iko mbele yako. Asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, Mlima Elgon huonekana vizuri. Ardhi ni nyekundu, mahindi hustawi, na mvua si haba. Nchi hiyo haina upungufu wa maji. Upungufu wake ni wa maji safi, maana chemchemi iliyo wazi hunywewa na binadamu na ng'ombe pamoja.

Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, watu wa kijiji chetu, kisicho mbali na soko hilo, walipatana kuijengea chemchemi yao ukuta wa saruji na kuitia bomba, ili maji yatoke juu ya matope na si ndani yake. Wakafanya harambee, neno ambalo Jomo Kenyatta alilifanya mwito wa taifa mwaka 1963. Mwenye fedha alitoa fedha, na asiyekuwa nazo alitoa alichokuwa nacho. Mama yangu alitoa jogoo. Jogoo huyo alinadiwa mara tatu, maana kila aliyemnunua alimrudisha anadiwe tena, na watu wakacheka na kushangilia. Jioni fedha zilihesabiwa mbele ya wote, zikapigiwa makofi, zikatiwa katika bahasha ya kaki, zikaenda kulala katika nyumba ya mzee mmoja mwaminifu.

Zililala huko mwezi mmoja, zikalala miezi miwili. Mtu akaugua, zikachukuliwa kidogo kumpeleka hospitali kwa ahadi ya kurudishwa. Nauli ikatolewa kwenda kuuliza bei ya saruji. Mgeni wa heshima akaja kuitazama chemchemi, akalishwa. Ilipofika siku ya kununua vifaa, bahasha ilikuwa na fedha za mifuko 3 tu ya saruji. Watu walitazamana. Mimi naamini hata leo kwamba hakuna aliyeiba. Lakini pia hakuna aliyeandika.

Nimeianza habari ya mbali kwa habari hii ya karibu, kwa sababu nataka uisome habari ya mbali ukiwa na swali moyoni. Inawezekanaje fedha za watu wasiojuana, zilizotolewa kwa ajili ya visima ambavyo watoaji hawatakunywa maji yake, zitunzwe kwa zaidi ya miaka 100, zikue, zivuke bahari, na bado ijulikane kila senti imekwenda wapi, hali fedha za jogoo wa mama yangu hazikuweza kuvuka msimu mmoja wa mvua? Mfuko ninaotaka kukueleza ni ule wa klabu za Rotary.

Tarehe 23 Februari 1905, wakili mmoja wa mji wa Chicago, jina lake Paul Harris, alikutana na rafiki zake watatu: mfanyabiashara wa makaa, mhandisi wa migodi na mshonaji wa nguo. Walikuwa wageni katika mji mkubwa, na walitaka urafiki. Wakawa wakikutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu, kesho katika ofisi ya yule, na kutokana na mzunguko huo likapatikana jina la Rotary. Mwanzoni walisaidiana wao kwa wao katika biashara zao. Baadaye waliona kwamba urafiki wa watu walioshiba, usiomfaa mtu aliye nje ya mlango, ni kitu kidogo. Miongoni mwa kazi zao za kwanza kwa faida ya watu wote ilikuwa kupigania mji upate vyoo vya umma. Usicheke, msomaji, mji usio na vyoo hauna la kuringia.

Klabu zikaenea katika miji mingine. Mwaka 1917, katika mkutano mkuu uliofanyika Atlanta, rais wa klabu hizo, Arch Klumph wa Cleveland, alitoa shauri kwamba ianzishwe akiba ya kudumu, ambayo itatumika kutenda mema ulimwenguni. Shauri lilikubaliwa. Kukubali ni rahisi. Mchango wa kwanza uliingia mwaka 1918 kutoka klabu ya Kansas City, katika jimbo la Missouri, nao ulikuwa dola 26 na senti 50. Baada ya miaka 6 akiba yote ilikuwa haijazidi dola 700 hivi. Mtu mwingine angalisema kwamba shauri limekufa, zigawanywe hizo chache kila mtu aende zake. Klumph hakusema hivyo, wala fedha hazikuguswa.

Mwaka 1928, katika mkutano wa Minneapolis, akiba ile ilipewa jina la Wakfu wa Rotary, ikawekewa wadhamini 5, Klumph akiwa mwenyekiti wao. Hapa nataka usimame kidogo. Kabla ya siku hiyo fedha zilikuwa za chama kwa jumla. Tangu siku hiyo zilikuwa na walinzi wake, ambao kazi yao haikuwa kuziona zinatosha karamu gani, bali kuzitunza kwa shabaha iliyoandikwa. Mzee wetu mwaminifu alikuwa mtunzaji, mhasibu, mwamuzi na jirani wa kila mwenye shida, yote kwa pamoja. Hodi ikipigwa usiku, na mtoto wa jirani anatetemeka kwa homa, ni nani angeweza kuifunga bahasha? Wakfu ulimwondolea mtu mmoja mzigo huo. Leo wadhamini wake ni 15.

Neno wakfu, kwa hakika, halikutoka Marekani. Watu wa pwani yetu walilijua zamani, kabla Chicago haijawa mji. Mtu aliweka shamba la minazi wakfu kwa msikiti. Tangu hapo shamba halikuuzwa wala halikurithiwa, bali nazi zake ziliangushwa na kuuzwa ili taa ziwake na kisima cha kutawadhia kisafishwe. Mnazi ulikaa, matunda yakaenda. Mombasa mambo hayo yalipata tume yake ya kisheria tangu enzi za ukoloni. Kwa hiyo mwanafunzi wa Lamu ataielewa sehemu hii ya insha yangu haraka kuliko mwanafunzi wa Bungoma, ambaye amezoea fedha zinazochangwa Jumamosi ili zitumike Jumatatu.

Ruzuku ya kwanza ilitolewa mwaka 1930: dola 500 kwa chama cha kimataifa cha kuwahudumia watoto walemavu, kilichoanzishwa na mwanachama wa Rotary aitwaye Edgar Allen. Hesabu mwenyewe: tangu shauri la Atlanta hadi ruzuku ya kwanza ilipita miaka 13. Mwaka huo huo wa 1930 ilianzishwa klabu ya Rotary ya Nairobi, ya kwanza katika Afrika Mashariki. Nairobi ya wakati huo ilikuwa makao ya serikali ya kikoloni, na Kitale ilikuwa mji wa walowezi, reli ikiwa imefika huko miaka michache tu iliyotangulia. Sitakudanganya kwamba klabu ile ilianzishwa kwa kuufikiria mji wa Kamukuywa.

Kisha zikaja shida za uchumi za miaka ya 1930, na vita vikuu vya pili, na mfuko ukaenda kwa mwendo wa kinyonga. Kilichouamsha kilikuwa kifo. Paul Harris alifariki tarehe 27 Januari 1947, naye alikuwa amekwisha kuwaambia rafiki zake kwamba wasimletee maua, bali anayetaka kumkumbuka na atie kitu katika mfuko. Fedha zikamiminika kutoka pande zote, zikapita dola milioni moja. Mwaka huo huo wanafunzi 18 walipelekwa kusoma katika nchi zisizo zao kwa gharama ya mfuko. Fikiri juu ya jambo hilo wakati mwingine unapokwenda mazishini, ukaona jinsi mashada ya maua yanavyonyauka kabla ya magari kuondoka.

Mwaka 1957 ulianzishwa utaratibu wa kumheshimu kwa jina la Paul Harris kila mtu aliyetoa dola 1,000, au ambaye fedha hizo zimetolewa kwa heshima yake. Wako wanaosema kwamba sadaka inayotangazwa si sadaka. Mimi nakumbuka kipaza sauti cha harambee zetu, na jinsi mkono wa mtu unavyoingia mfukoni mara ya pili jina lake linapotajwa, wala siwezi kuwalaumu watu wa ng'ambo kwa udhaifu tulio nao sote. Mwaka 1965 likaja jambo kubwa zaidi kuliko nishani: ruzuku za kuoanisha. Maana yake ni kwamba klabu ikitoa fedha kwa kazi fulani, mfuko nao huongeza juu yake. Tangu hapo mwombaji alitakiwa aje na chochote mkononi.

Sasa nikueleze fedha hizo hukaa vipi, maana hapa ndipo penye siri. Klabu hupata fedha kwa michango ya wanachama ya kila mwaka, kwa karamu za kulipia, kwa matembezi ya hisani, kwa michezo na kwa wosia wa waliokufa. Zikifika, huingia katika vyumba mbalimbali. Fedha za mtaji wa kudumu hazitumiwi zenyewe. Hutumika faida yake tu, kama nazi za ule mnazi. Fedha za mwaka huwekwa katika vitega uchumi kwa muda wa miaka 3, na faida ya muda huo husaidia kulipia uendeshaji. Miaka 3 ikiisha, mchango hugawanywa. Kwa desturi iliyodumu miaka mingi, nusu iliingia katika mfuko wa dunia nzima, na nusu ikarudi chini ya amri ya wilaya ile ile iliyochanga. Baadaye sehemu ndogo ilitengwa kwa gharama. Neno wilaya hapa si lile la serikali. Kwa hesabu ya Rotary, Kenya imo katika wilaya namba 9212 pamoja na Ethiopia, Eritrea na Sudan Kusini.

Miaka 3! Mtu mwenye haraka hukasirika akisikia. Lakini ungojaji huo una faida ambayo haionekani upesi: wenye kugawa hujua mapema, kabla mwaka haujaanza, wana kiasi gani hasa. Hawaahidi kwa kukisia. Akina mama wa kijiji chetu wanaoweka akiba katika chama chao wanalijua jambo hilo bila kufundishwa na mtu. Hawakopeshi fedha ambayo haijaingia sandukuni.

Kazi iliyoujulisha mfuko huo kwa ulimwengu ni vita dhidi ya polio, ugonjwa unaopooza viungo vya watoto. Mwaka 1979 wakfu ulikubali kutoa dola 760,000 kwa ajili ya kuwachanja watoto milioni 6 wa Ufilipino. Mwaka 1985 klabu ziliazimia kukusanya dola milioni 120 ili chanjo ifike kote. Zilipohesabu mwaka 1988 zilikuta zimepata milioni 247. Katika mwaka huo wa 1988 Shirika la Afya Duniani, Rotary, UNICEF na kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa walianza mpango wa kuifuta polio duniani. Wakati huo ilikadiriwa kwamba watoto 350,000 walipatwa na ugonjwa huo kwa mwaka, katika nchi 125. Kenya ilivamiwa tena mwaka 2013, watu 14 wakapatwa, na chanzo chake kilikuwa upande wa Dadaab. Tarehe 25 Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa limeondokewa na polio ya asili.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Kuna virusi vingine, ambavyo huzaliwa pale chanjo ya matone ilipozunguka kwa muda mrefu miongoni mwa watu ambao wengi wao hawakuchanjwa, ikageuka na kupata nguvu ya kudhuru. Kwa sababu ya virusi hivyo, Oktoba 2024 serikali ya Kenya ilifanya kampeni ya chanjo katika kaunti 9, na Bungoma na Trans Nzoia zilikuwa miongoni mwazo. Wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba, na mtoto aliyepewa matone alitiwa wino kidoleni. Kama una mdogo wako nyumbani, huenda uliuona wino huo. Basi ule mpango ulioanza mwaka 1988 ulifika hata mlangoni pako, wala hukuambiwa ulianza namna gani.

Lakini chemchemi je? Polio iliamuliwa na wakubwa, na ikashuka chini. Ruzuku za maji na shule hutakiwa kupanda kutoka chini. Tangu mwaka 2013 ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ndogo, na wilaya yenyewe huigawa kwa klabu zake. Ya pili ni ya kimataifa, na masharti yake ni magumu: gharama ya kazi isipungue dola 30,000, klabu mbili zishirikiane, moja ya nchi inayofanyiwa kazi na moja ya nchi nyingine, kazi yenyewe iangukie katika mambo yaliyochaguliwa, kama vile maji, afya, elimu, amani, na tangu 2021 mazingira pia. Wilaya hutoa sehemu yake, na mfuko wa dunia huongeza. Zamani uliongeza shilingi kwa kila shilingi ya wilaya. Tangu mwaka 2021 huongeza senti 80. Fedha huwekwa katika akaunti ya benki ya kazi hiyo peke yake, na haziwezi kutolewa bila sahihi za watu wawili. Taarifa hupelekwa kila baada ya miezi 12, na taarifa ya mwisho hupelekwa kazi ikimalizika. Hati na stakabadhi huhifadhiwa kwa miaka isiyopungua 5.

Nilipoyasoma masharti hayo kwa mara ya kwanza, nikiwa mwanachuo katika chuo cha ualimu, niliyasoma kwa wivu. Niliyaona kama ukuta uliojengwa kuizunguka bahasha ya kaki. Niliyasoma tena nikaona pia wanaobaki nje ya ukuta huo. Mtu mmoja peke yake hawezi kuomba, wala kijiji hakiwezi, huomba klabu. Watu wa Kamukuywa watahitaji klabu iliyo karibu, kama ile ya Kitale, iwasikilize na kulibeba neno lao. Na chemchemi moja yenye ukuta na bomba haigharimu dola 30,000, wala haikaribii. Shida yake ni ndogo mno kwa ruzuku kubwa, na kubwa mno kwa mifuko ya wakulima, hivyo haina budi kungojea ile ruzuku ndogo ya wilaya, au kuunganishwa na chemchemi nyingine nyingi ili zifanywe kazi moja. Aliye mbali na barabara, mbali na klabu, na mbali na mtu ajuaye kujaza fomu kwa Kiingereza, kiu yake haiandikwi popote. Jambo hilo haliondolewi na uzuri wa mahesabu.

Tena kuna hili. Anayeteka maji katika nchi yetu ni mwanamke, lakini hadi mwaka 1989 Rotary haikuruhusu wanawake kuwa wanachama. Ndiyo kusema kwamba kwa muda wa miaka 84 waliokaa mezani wakaamua habari za visima walikuwa watu ambao hawakujitwika mtungi. Sharti moja la siku hizi linanipendeza kuliko mengine yote kwa sababu linajaribu kulirekebisha kosa hilo: kabla ya kuomba ruzuku ya kimataifa, sharti kwanza watu wenyewe waulizwe na majibu yao yaandikwe. Ni nani wanaoteka? Nyumba ngapi? Bomba likivunjika atalitengeneza nani, kwa fedha gani?

Katika kijiji chetu akina mama hawakuulizwa. Miaka mingi baadaye mama yangu aliniambia kwamba chemchemi iliyochaguliwa na kamati hupungua sana mwezi wa Januari, na kwamba iko nyingine chini ya migomba, isiyokauka kamwe. Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ile ya harambee. Akajibu kwamba alikuwa ameitwa kutoa jogoo.

Ile mifuko 3 ya saruji ilinunuliwa, ikawekwa ghalani ili ingoje mingine. Mvua ikapenya paani, na saruji ikaganda ikawa mawe yenye umbo la mifuko. Mawili yalivunjwa kujaza shimo la barabara. La tatu liko hata leo kando ya chemchemi ile ya migombani, na mabinti hulitumia kupigia nguo wanapofua.